Arnold Kettle na Kasumba ya Orodha

Katika idara za fasihi za Afrika Mashariki kungali na dhana kwamba mapambano ya miaka ya 1960 yalihusu orodha ya vitabu: Austen na Dickens watoke, Achebe na Okot waingie. Dhana hiyo ni finyu, na maisha ya kitaaluma ya Arnold Kettle (1916-1986) yanatosha kuivunja.

Kettle, msomi wa Cambridge na mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Uingereza, alianza kufundisha Leeds mwaka 1947. Mwaka uliofuata F. R. Leavis alichapisha The Great Tradition, akawapanga waandishi wa riwaya kwa daraja: Austen, George Eliot, James na Conrad juu, Dickens akabakishiwa Hard Times peke yake, na Wuthering Heights ikasukumwa kando. Juzuu ya kwanza ya An Introduction to the English Novel, aliyoitoa Kettle mwaka 1951, ilizipa Oliver Twist na Wuthering Heights sura zao kamili. La maana si kuongezwa kwa majina. La maana ni swali lake: riwaya hii inahusiana vipi na namna watu walivyoishi, waliomiliki mali na waliotumikishwa? Katika juzuu ya pili (1953) alidai kuwa Tess ya Hardy kwa hakika ni kisa cha kuangamizwa kwa wakulima wadogo wa Uingereza. Dai hilo lina kasoro, kwani linamfanya Tess awe tabaka kabla hajawa mtu. Hata hivyo, msomaji wa Kiambu ambaye babu yake alinyang'anywa shamba hakuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Ngũgĩ alipofika Leeds mwaka 1964 alimkuta Kettle huko. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Kettle mwenyewe alihamia Dar es Salaam kuwa profesa wa fasihi. Naye alikuwa angali huko wakati Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba walipoandika waraka wao wa Nairobi mwaka 1968. Waliousoma waraka ule kama amri ya kuchoma vitabu hawakuusoma. Ulihoji kitovu: fasihi ya wengine itazamwe kutoka wapi?

Orodha ilibadilika, tabia ya Leavis ikabaki. Tasnifu ngapi huorodhesha dhamira, wahusika na tamathali za usemi, kisha zikatangaza kazi kuwa bora? Mwandishi wa tasnifu hiyo hujiona amemkana Mwingereza, kumbe amemkana Mwingereza asiye yule.

Kettle naye hakosi lawama. Alifundisha fasihi kwa Kiingereza mjini ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya taifa. Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970, mwaka uleule aliporejea Uingereza kuwa profesa wa kwanza wa fasihi katika Open University. Swali lake halikuvuka ukumbi. Lakini si lazima libaki lilipoachwa. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951, sawa na juzuu ile ya kwanza. Kwa nini karani wa serikali ya kikoloni aliiweka kesi ya Karama, mtu anayeshtakiwa kwa kutaka watu wafunzwe sheria, katika nchi inayoelea angani? Wachache wamelikabili swali hilo. Wengi wangali wanahesabu tashbihi.