Linux na modemu ya USB: kwa nini wanaoanza wanakwama mlangoni

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft imeacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Katika inchi ya Congo, ambako kompyuta nyingi ni za mkono wa pili, zilizotoka Bulaya ama Dubai, uamuzi huo unagusa wanafunzi, ofisi ndogo, mashirika ya raia na wenye vibanda vya kuandika na kuchapisha. Wengi wanaambiwa: wekeni Linux, ni ya bure. Lakini mtu akishaiweka na kuchomeka modemu yake ya USB, mara nyingi hakuna kinachotokea. Kosa liko wapi?

Mashine ni nzima, mfumo umefungwa

Windows 11 haipokei kila kompyuta. Inadai kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inadai, karibu kila mara, prosesa ya kizazi cha 8 ama zaidi, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2017. Kwa hiyo kompyuta ya mwaka 2014 inaweza kuandika barua, kupiga hesabu na kufungua kurasa za intaneti bila shida, lakini mlango wa Windows 11 umefungwa mbele yake.

Microsoft iliwapa watu binafsi muda wa nyongeza hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Anayeutaka anapaswa kujiandikisha kwa akaunti ya kampuni hiyo, kwa kulipa dola 30 ama kwa kukubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe huko. Ni nafuu ya muda mufupi tu, na hata hiyo inahitaji intaneti.

Ndipo Linux inapoingia. Mfumo huo ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana wa Finland, na mtu anaweza kuunakili na kuuweka kwenye mashine yoyote bila kulipia leseni. Ubuntu, Debian na Linux Mint ni baadhi ya matoleo yake yanayojulikana sana. Kuna pia matoleo mepesi, kama Xubuntu na Lubuntu, yanayofaa mashine zenye nguvu ndogo.

Siri ya modemu: CD isiyoonekana

Anayeanza akichomeka modemu na kuona haileti mtandao, anafikiri mambo mawili: modemu imekufa, ama Linux haiijui. Mara nyingi yote mawili si kweli.

Modemu nyingi za USB zina sura mbili. Zikichomekwa tu, hujitambulisha kwa kompyuta kama CD. Ndani ya hiyo CD ya bandia mna programu iliyotayarishwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Windows, programu hiyo ikishawekwa huiambia modemu: acha kuwa CD, anza kuwa modemu. Kwenye Linux programu hiyo haifanyi kazi, kwa hiyo amri haitolewi, na modemu inabaki CD. Mtu anaona picha ya CD kwenye skrini na kungojea mtandao ambao hauwezi kuja.

Dawa yake inajulikana kwa miaka mingi. Ni programu ndogo ya bure iitwayo USB_ModeSwitch, iliyoandikwa na Josua Dietze. Kazi yake ni moja: kutuma ile amri ya kubadili sura. Ubuntu huja nayo tayari, lakini matoleo mengine yanaweza kuikosa.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Mtu afungue dirisha la amri, aandike lsusb, kisha atafute mstari wa modemu yake. Kwa mfano, aina moja ya modemu za Huawei huonekana kwa nambari 12d1:1f01 ikiwa bado CD, na 12d1:14dc ikishabadilika. Nambari ikibadilika, kazi kubwa imekwisha. Isipobadilika, programu hiyo haipo ama haijui aina hiyo ya modemu.

Hatua mbili zinazobaki

Baada ya hapo, modemu huwa za namna mbili. Za kwanza zinasubiri kompyuta ipige simu ya intaneti yenyewe. Kwa hizo, Linux hutumia programu mbili, ModemManager na NetworkManager, na mtumiaji anaingia kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya mtandao wa simu, kuandika PIN ya karte SIM na jina la APN la kampuni ya simu.

Za pili hujifanya kama ruta ndogo, na kompyuta huziona kama kable ya mtandao. Kwa modemu za Huawei za namna hiyo, zinazoitwa HiLink, mtu anafungua kivinjari na kuandika 192.168.8.1. Ukurasa wa modemu unafunguka, na PIN na APN zinaandikwa humo.

APN ndiyo inayowachosha wengi, kwa sababu kosa la herufi moja linatosha kuzuia mtandao. Njia ya mkato ni kuweka karte SIM hiyohiyo ndani ya simu ya Android, kufungua mipangilio ya mtandao, na kunakili jina linaloonekana hapo. Na kama modemu ilifungwa ili itumike na kampuni moja tu, Linux haiwezi kufungua kifuli hicho.

Kutafuta intaneti kwa intaneti

Shida halisi ya wakaaji wengi iko hapa. Kama toleo la Linux halina programu zinazotakiwa, ni lazima zipakuliwe. Ili kuzipakua, intaneti inahitajika. Na intaneti yenyewe iko ndani ya modemu isiyofanya kazi. Mwenye wifi nyumbani hauoni mzunguko huo. Asiye nayo anabaki anauzunguka.

Simu inaweza kuukata. Simu ya Android ikiunganishwa kwa kable na kuruhusiwa kugawa intaneti kwa USB, Linux huitambua bila programu ya ziada. Kwenye Ubuntu na Debian, amri sudo apt update, kisha sudo apt install usb-modeswitch modemmanager, inaleta vyote viwili. Programu hizo ni nyepesi, lakini tahadhari inahitajika: Linux mpya hupenda kupakua marekebisho mengi mara moja, na forfe ya siku nzima inaweza kwisha kwa dakika chache. Ni heri kuzuia marekebisho hayo ya kujiendesha kabla ya kuunganisha.

Kinga bora zaidi inakuja mapema kuliko hapo. Matoleo mengi ya Linux yanaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows. Mtu aanze kompyuta kwa flashi hiyo, achomeke modemu, aone kama mtandao unakuja. Ukikataa, Windows bado ipo na hakuna kilichopotea. Wanaolia zaidi ni wale waliofuta kwanza na kujaribu baadaye.

Nani anayelipa gharama?

Linux ni ya bure kwa leseni, lakini njia ya kuifikia ina bei yake: mega zilizoliwa, safari ya kwenda kwa fundi, siku za kazi zilizopotea. Bei hiyo hailipwi sawa na wote. Mwenye wifi ya ruta, ama mwenye Starlink, iliyopewa ruhusa katika DRC mwezi Mei 2025, anaunganisha kompyuta bila kuulizwa inatumia mfumo gani. Anayenunua mega za siku na kutegemea modemu ya zamani ndiye anayekwama. Ndiye pia mwenye kompyuta ya zamani.

Kubaki na Windows 10 bila marekebisho si suluhisho. Ofisi ndogo inatunza majina ya wagonjwa, orodha za wanafunzi, hesabu za wanachama. Flashi inatoka kompyuta moja kwenda nyingine, na virusi vinasafiri nayo. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inataka habari za watu zilindwe. Ni vigumu kuitimiza kwa mashine ambayo matundu yake hayazibwi tena.

Wapo wanaosema kwamba modemu imepitwa na wakati, kwa kuwa simu inaweza kugawa mtandao. Wana haki kwa sehemu. Lakini simu inayogawa mtandao inamaliza betri upesi, na mahali umeme unapokatika kila siku hilo si jambo dogo. Tena katika nyumba nyingi simu hiyo ndiyo ya biashara na ya kupokea pesa, na mwenyewe hutoka nayo asubuhi. Modemu inabaki na kompyuta.

Ni kweli pia kwamba Linux haifai kila mtu. Ofisi inayotumia programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows pekee inapaswa kupima kwanza kabla ya kuhama.

Karatasi moja ingetosha

Mengi ya mateso haya yanatokana na ukosefu wa maelezo, kwa maana ufundi wenyewe ulishapatikana. Kampuni za simu zingeweza kuchapa APN juu ya boksi la modemu, pamoja na mistari mitatu kwa mtumiaji wa Linux. ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano na kuhakiki vifaa vinavyoingia sokoni, ingeweza kuomba maelezo hayo yawepo. Vyuo na mafundi wa mitaa wangeweza kutunza programu hizo kwenye flashi na kuzigawa bure, kwa kuwa leseni zake zinaruhusu.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mkopo ama mkutano mkubwa. Yasipofanyika, kompyuta nyingi bado nzima zitaishia pembeni ya nyumba, ama zitaendelea kufanya kazi bila ulinzi, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia mwenyewe kwamba modemu yake ilikuwa bado inajifanya CD.