MAMBO YA NYUMBA: Unene wa Bati na Chumvi ya Bahari

Mtu ajengaye Kibarani hana budi kukumbuka kwamba amejenga mlangoni pa bahari. Upepo upitao Makupa huja na chumvi usiku na mchana, na chumvi hiyo hutua juu ya paa lake. Kwa hiyo shauri la mabati si shauri la bei peke yake. Na alifanyaye kuwa hivyo huenda akaezeka mara mbili.

Kwanza, na tulieleze neno linalowatatanisha wengi, nalo ni geji. Katika hesabu hii, namba ikipanda, unene hushuka. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Kwa hesabu za kale za Kiingereza, geji 30 ni kama milimita 0.3, na geji 28 ni kati ya milimita 0.35 na 0.4. Lakini hesabu za geji si moja duniani, na bati laweza kuandikwa namba isiyo yake. Basi mnunuzi mwenye busara huuliza milimita, kisha huomba mizani. Chuma cha mita moja mraba chenye unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 7.85. Bati la urefu wa mita 3, lililokuwa na upana wa sentimita 90 kabla ya kutiwa migongo, likiwa la milimita 0.3 hupata kilo 6 na zaidi. Likiwa la milimita 0.2 halifiki kilo 4 na nusu. Ulimi wa mwuzaji waweza kuteleza, bali mizani haitelezi.

Pili, yafaa kujua kazi ya unene. Bati nene hubeba fundi bila kubonyea, na hushika msumari wakati kusi inapovuma na kutaka kuling'oa paa. Bati jembamba hupasuka penye msumari. Lakini unene si dawa ya kutu. Kazi hiyo ni ya zinki iliyopakwa juu ya chuma, ambayo huliwa kwanza ili chuma kisalimike. Ikiisha, kutu huanza, na bati nene nalo litatoboka, ijapokuwa litachelewa. Mpako huo hupimwa kwa gramu kwa kila mita moja mraba. Kadhalika yako mabati yenye mpako wa alumini na zinki, ambamo alumini ni asilimia 55 kwa uzito. Hayo hustahimili hewa ya pwani kuliko yale ya zinki tupu.

Je, mwenye fedha kidogo afanyeje? Shauri letu ni hili. Awezaye, na anunue geji 28 yenye mpako mzito. Asiyeweza, heri geji 30 yenye mpako mzito kuliko geji 28 yenye mpako hafifu. Kisha azidishe mbao za kulazia mabati, ili nafasi baina yake iwe ndogo. Geji 32 na iachiwe banda la kuku.

Misumari ipigwe juu ya mgongo wa bati, wala si bondeni yapitapo maji. Na ukingoni mwa paa, ambapo upepo hushika kwanza, izidishwe. Tena, chini ya upenu mvua haifiki kuiosha chumvi. Mwenye nyumba apaoshe mara kwa mara kwa maji matamu.

Wazee walisema, rahisi ni ghali. Ambaye watoto wake watalala chini ya paa hilo masika ijayo, na apime kabla hajalipa.