Mshauri wa wanafunzi asiwe pia hakimu wao



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya watoto wa chini ya miaka mitano, akina mama wajawazito na wazee wenye presha. Mwanafunzi wa chuo kikuu hatumwandikii. Ana nguvu, ana akili, serikali imempa mkopo, basi anaumwa nini? Sisi wauguzi wa hospitali ya misheni, tunaoishi hapa Kanazi na kuwapokea vijana hao wanaporudi likizo, tunaona kwamba wanaumwa, na mara nyingi ugonjwa wao hauna dawa katika kabati letu.

Jambo hili linatugusa kwa karibu sasa kwa sababu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimechagua kijiji cha Itahwa, kata ya Karabagaine, katika wilaya yetu hii hii ya Bukoba Vijijini, kuwa mahali pa tawi lake la Kagera. Zamani kidogo mji wa Bukoba ulikuwa na vyuo vikuu vishiriki viwili, kimoja kikiwa na jina la Kadinali Rugambwa na kingine la Askofu Josiah Kibira. Vyote viwili havipo tena, na watu wengi wamefurahi kuona elimu ya juu inarudi Kagera. Watu wanazungumza juu ya madarasa, mabweni, vyumba vya kupangisha na biashara ya ndizi na maharage. Juu ya afya ya hao watakaolala katika mabweni na vyumba hivyo, hatujasikia mengi.

Tueleze kwanza jinsi wanavyofika kwetu. Mama anamleta kijana wa mwaka wa pili na kusema ana malaria sugu. Amekwisha kumeza dawa mseto mara mbili, dawa zenyewe zimenunuliwa dukani. Kichwa kinauma, tumbo linawaka, usingizi hakuna, chakula hakipandi. Tunapima malaria, hakuna. Tunapima homa ya matumbo, hakuna. Mama anakasirika kidogo na kuuliza kama kipimo chetu ni kizima. Mama akitoka nje kwenda kulipia, ndipo kijana huanza kusema. Ama amefeli masomo matatu na anaogopa kudisko. Ama amekwisha kudisko tangu mwezi wa tatu na nyumbani hawajui, kila muhula anafunga sanduku na kupanda basi kana kwamba anarudi chuoni. Ama bumu lote limekwenda katika kubeti na anadaiwa na wenzake. Au ni binti, na anachoogopa kinaonekana machoni kabla hajafungua kinywa.

Hatumsemi mtu mmoja hapa. Ni wengi, na habari zao zinafanana kiasi kwamba tungeweza kuziandika kabla hawajaketi.

Kuna jambo la kwetu Wahaya linaloongeza uzito wa mzigo huu. Mahali pengine mtoto akifeli ni habari ya nyumba yake. Kwetu, msomi ni wa ukoo mzima na wa kijiji. Neno lile "nshomile" Watanzania wengine hulitumia kwa kututania, lakini sisi wenyewe tunalibeba kwa fahari kubwa. Shamba la kahawa limeuzwa, ng'ombe ameuzwa, mjomba wa Dar es Salaam amechangishwa. Kijana aliyebeba matumaini ya watu wote hao ataanzia wapi kusema "nimeshindwa"? Tena amwambie nani?

Jibu la haraka ni kwamba chuoni yupo Mshauri wa Wanafunzi. Ni kweli, kila chuo kikuu nchini kina ofisi ya jina hilo, na hatuna sababu ya kuwabeza wanaofanya kazi humo. Lakini tuitazame kazi yenyewe. Ofisi hiyo hushughulikia nafasi za mabweni, serikali ya wanafunzi, fomu za mikopo, misiba, na pia makosa ya nidhamu. Mwanafunzi aliyelewa, aliyepigana au aliyekutwa bwenini na mgeni usiku hupelekwa huko huko. Sasa mwambieni kijana huyo kwamba akiwa na huzuni inayomnyima usingizi, au akianza kuzoea gongo, aende akafungue moyo wake mbele ya mtu yule yule ambaye kesho anaweza kuketi kwenye kamati ya nidhamu. Hataenda. Hata sisi watu wazima tusingeenda.

Kwa maoni yetu hapa ndipo penye tatizo kubwa kuliko uhaba wa fedha. Ushauri nasaha na nidhamu ni kazi mbili, na haziwezi kukaa katika kiti kimoja. Mwenye kutoa ushauri nasaha awe mtu aliyesomea kazi hiyo, awe na chumba chake, na daftari lake lisisomwe na mkuu wa chuo, wala mlinzi, wala mzazi, wala padre, isipokuwa pale ambapo maisha ya mtu yamo hatarini. Muuguzi anaapa kutunza siri za mgonjwa, na siri ya mwanafunzi haina sababu ya kuwa nyepesi kuliko hiyo.

Mkoa wetu hauhitaji kwenda mbali kujifunza jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Utafiti wa mwaka 1987 katika mji wa Bukoba uliwakuta watu wazima 24 katika kila 100 wakiwa na virusi. Mwaka 1993 walikuwa 18, na mwaka 1996 walikuwa 13. Dawa za kufubaza virusi hazikuwapo vijijini katika miaka hiyo. Mambo mengi yalisaidia, kuogopa kaburi likiwa mojawapo, lakini wanaokumbuka watasema kwamba watu walianza pia kuzungumza. WAMATA, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Mama Theresa Kaijage, ilifanya ushauri nasaha kuwa neno la kila siku. Ilijulikana mapema pia kwamba chumba kikiandikwa "UKIMWI" mlangoni, tena mlango wenyewe ukitazamana na foleni ya wagonjwa wa nje, hakuna atakayeingia. Wanaochora ramani za vyuo wangeomba ushauri wa wauguzi wa zamani juu ya mahali pa kuweka mlango, wala hatungewatoza kitu.

Na kule Nshamba, wilayani Muleba, kuna HUMULIZA, jina ambalo kwa Kihaya maana yake ni kufariji. Kazi hiyo ilianza miaka ya 1990 kwa ajili ya yatima. Baadaye yatima wenyewe waliunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakawa wanatembeleana, wanaweka akiba na kusikilizana. Kijana humsikiliza kijana mwenzake kabla hajatusikiliza sisi wenye mvi. Basi chuo kiwachague wanafunzi wachache kila mwaka, kiwafundishe kusikiliza, kutunza siri na kujua dalili za hatari, na mtaalamu mmoja awe nyuma yao wa kumpelekea yaliyowazidi. Tunasema wazi kwamba rafiki hachukui nafasi ya mtaalamu. Rafiki ni mlango tu.

Dalili za hatari tuzitaje, kwa sababu wazazi nao wanasoma ukurasa huu. Kijana anajitenga na watu aliowapenda. Anagawa vitu vyake. Anaacha kuoga na kula. Anasema maneno kama "mtapumzika na gharama zangu". Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na katika umri wa miaka 15 hadi 29 hiki ni chanzo cha tatu cha vifo. Kumuuliza kijana waziwazi kama amewahi kufikiria kufa hakumpandikizii wazo hilo. Humpa ruhusa ya kulitua. Ukisikia jibu la kutisha usimwache peke yake, mlete hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Tunajua kinachowazuia wengine: sheria yetu ya kanuni za adhabu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao kama hicho kinapingana na katiba, na sisi tungependa wabunge wetu walitazame jambo hili. Hadi hapo, hofu ya polisi isimzuie mzazi kumleta mtoto wake kutibiwa.

Tuje kwa mabinti. Katika mageto ya vyuo vyote vidonge vya P2 vinajulikana kuliko panadoli, na wapo wanaovimeza kila wiki. Msimamo wa Kanisa juu ya vidonge hivi msomaji anaujua, hatutaurudia. Tunasema la kiuguzi. P2 haizuii virusi vya UKIMWI, haizuii kaswende wala kisonono. Mwenye kuimeza mara kwa mara huvuruga mzunguko wake hata asijue siku zake, kisha hofu humrudisha dukani kununua nyingine. Binti huyo anahitaji mtu wa kuketi naye nusu saa. Muuza duka hana nusu saa, na mara nyingi sisi pia tumezidiwa na foleni.

Aliyebakwa asikae chumbani akilia hadi Jumatatu. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Afike hospitali kabla ya kuoga, ikiwezekana, na nguo alizovaa aje nazo. Atatibiwa kwanza, maswali mengine baadaye. Na anayedaiwa mwili wake ili apewe maksi ajue kwamba sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Lakini atashtaki vipi kama ofisi ya kusikiliza malalamiko imo katika ukumbi mmoja na ya mwalimu anayemdai? Tunarudi pale pale kwenye mlango.

Juu ya mazoezi ya mwili tuna neno ambalo huenda likawachekesha vijana. Mzee wa hapa Kanazi hupanda na kushuka mlima akienda shambani, na mkungu wa ndizi hubebwa kichwani. Mjukuu wake aliye chuoni huchukua bodaboda kutoka getoni hadi darasani, huketi saa nane, halafu hulala na simu. Chakula chake ni chipsi mayai na soda, na wakati wa mitihani huongeza vinywaji vya kutia nguvu, tena anashangaa moyo unapodunda usiku. Posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23. Fedha hiyo haitoshi anasa, lakini maharage, mchicha na ndizi za kupika zinapatikana kwa bei ya chipsi, hasa wakipika wanne pamoja.

Mtu mzima anashauriwa afanye mazoezi ya wastani dakika 150 kwa wiki angalau. Hii ni kama nusu saa kwa siku tano. Hakuna haja ya chumba cha mashine za kigeni. Inatakiwa ardhi iliyosawazishwa. Katika vilima vyetu hiyo ndiyo kazi, maana uwanja hukumbukwa mwisho, majengo yakiwa yamekwisha kumaliza sehemu tambarare. Tunaomba pawepo uwanja wa mpira, wa netiboli ulio mahali penye mwanga ili mabinti wasiogope jioni, na banda lenye paa, kwa kuwa mvua za Bukoba haziombi ruhusa. Sisi huwaandikia wagonjwa wa huzuni nyepesi matembezi ya kila siku pamoja na mazungumzo, na tumeona wengi wakirudi wamelala usingizi. Wenye huzuni nzito tunawapa rufaa, na hao wasidanganywe kwamba kukimbia kutawatosha.

Kuhusu bima hatutakawia. Kwa miaka mingi mwanafunzi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kupata kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mzazi ahakikishe kadi imetoka kweli, isiwe risiti tu, na kijana aulize mapema ni zahanati gani jirani inaipokea.

Wakati tunasubiri vyumba na viwanja, yako yanayoweza kuanza sasa. Mzazi anapopiga simu chuoni aache kuanza na "matokeo yametoka?" Aulize amekula nini, analala saa ngapi, rafiki yake ni nani. Akisikia sauti imebadilika, asafiri. Kijana ambaye hataki kuonekana anaweza kupiga 199, namba ya Wizara ya Afya isiyolipiwa. Na likizo hii, atakayefika kwetu na "malaria" ambayo kipimo hakiioni, amwombe mama yake abaki nje kidogo. Mchana, saa nane hadi saa kumi, foleni huwa imepungua na tunaweza kuketi.