Masafa ya mpakani yapatiwe mwafaka kabla ya mnada

Masafa ya kati ya megahezi 470 na 694 ndiyo yanayoleta televisheni ya antena kwa Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mrundi. Kampuni za simu zinayatamani, na hatuzilaumu. Mawimbi ya kiwango hicho huenda mbali na hupenya kuta, hivyo mnara mmoja huhudumia vijiji ambavyo kwa masafa ya juu vingehitaji minara kadhaa. Katika mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Dubai mwishoni mwa 2023, nchi kadhaa za Kiarabu, zikiwemo Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, zilipata haki ya kutumia sehemu ya juu ya masafa hayo, kuanzia megahezi 614, kwa ajili ya simu kama huduma ya daraja la kwanza. Ulaya iliziruhusu simu ziingie kwa daraja la pili, ambalo halina haki ya kulalamika likiingiliwa, na likimsumbua wa daraja la kwanza ni lazima lizime. Hoja hii inatarajiwa kurudi mezani mwaka 2031.

Hatupingi masafa kwenda kwenye simu. Watoto wetu wanasomea humo na mama lishe anapokelea malipo humo. Tunachopinga ni serikali yoyote ya ukanda huu kupiga mnada masafa ambayo haijamalizana nayo na majirani.

Sababu yetu ni ya kiufundi na mtu yeyote anaweza kuielewa. Simu ya mkononi inapowasiliana na mnara wake hutoa nguvu isiyofika hata robo ya wati. Mtambo wa televisheni uliopo kilimani hurusha kwa maelfu ya wati, na mingine makumi ya maelfu. Kwenye bendi ya 700, ambayo ilichukuliwa kutoka kwenye televisheni, simu hurusha kwenda mnarani kati ya megahezi 703 na 733. Zamani hapo zilikaa chaneli za 50 hadi 53. Sasa chukulia kwamba jirani hajauhamisha mtambo wake wa chaneli ya 51. Mnara wa simu upande wa pili wa mpaka unajaribu kuisikia ile robo ya wati iliyo mfukoni mwa mkulima, huku mtambo wa televisheni ukiunguruma juu ya masafa yaleyale. Mkulima akitazama kioo cha simu yake anaona mtandao umejaa, kwa kuwa simu inaupata mnara vizuri kabisa. Mnara ndio haumsikii. Anapiga, haiendi, anatuma pesa, muamala unaning'inia. Atailaumu kampuni, na kampuni nayo imeshalipa mabilioni kununua masafa yenye kelele.

Hasara hiyo inaweza pia kumwangukia mtazamaji. Enzi za analojia, mawimbi yakiingiliana televisheni ilitoa chenga, lakini mpira ulionekana na mtangazaji alisikika. Dijitali haitoi nafasi hiyo. Picha inaganda, inakatika vipande, kisha king'amuzi kinaandika kwamba hakuna mawimbi. Mwenye uwezo atahamia kwenye dishi. Aliyenunua antena ya bei nafuu ili apate chaneli za bure hana pa kuhamia, na huyo ndiye anayetegemea taarifa ya habari ya saa mbili usiku kujua kama mafuriko yanakuja au mbolea ya ruzuku imefika.

Tanzania inapakana na mataifa manane: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji. Halafu kuna maji, ambayo kwetu ndiyo yanayoleta taabu kubwa zaidi. Juu ya ziwa au bahari, tabaka za hewa zenye joto na unyevu tofauti huweza kulipinda wimbi lisipotelee angani, likafuata mgongo wa maji hadi ng'ambo. Wavuvi wa Ziwa Victoria na wakazi wa pwani wameliona hili miaka yote: kuna jioni redio ya nchi jirani inaingia safi kana kwamba studio ipo mtaa wa pili. Ndiyo maana wataalamu wanapokokotoa umbali wa mawimbi, njia ya juu ya maji huipigia hesabu zake tofauti na ya nchi kavu. Umbali wa mpakani unaotosha kwa Namanga hautoshi hata kidogo kwa Mwanza, Kisumu na Entebbe, wala kwa Tanga na Mombasa.

Uwezo wa kulimaliza jambo hili tunao, kwa kuwa Afrika imeshafanya kazi ngumu kuliko hii. Mwaka 2006, mjini Geneva, nchi za Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zilisaini mpango wa televisheni ya dijitali na kuweka Juni 17, 2015 kuwa siku ya mwisho ya kulinda matangazo ya analojia kwenye bendi hizo. Dar es Salaam ilizima mitambo yake Desemba 31, 2012, mapema kuliko miji mingi ya bara hili. Katikati ya kazi hiyo, Afrika na nchi za Kiarabu zikaibana dunia iziachie simu bendi ya 700 pia, na kwa hiyo mpango wote wa 2006 ukabidi upangwe upya. Wahandisi wa nchi 47 za kusini mwa Sahara walikutana Bamako na Kampala mwaka 2012 chini ya Umoja wa Mawasiliano Afrika, wakamalizia Nairobi Julai 2013. Walipanga mtambo kwa mtambo, chaneli kwa chaneli, mpaka kila nchi ikapata nafasi yake chini ya megahezi 694. Magazeti hayakuiandika sana kazi hiyo. Ilistahili kurasa za mbele.

Kinachotutia hofu ni kinachofuata baada ya mikutano. Chini ya makubaliano yale ya Geneva, nchi ikitaka kubadili mtambo wake hupeleka maombi Shirika la Mawasiliano Duniani, nalo huyachapisha ili kila jirani anayeguswa ajibu. Jirani akinyamaza hata baada ya kukumbushwa, huhesabiwa kuwa amekubali. Maana yake ni kwamba nchi inaweza kupoteza haki yake kwa sababu tu barua ilikaa kwenye foleni ya meza fulani, au mhandisi aliyelijua faili alistaafu na nafasi yake haikujazwa. Hii si kazi ya kubadilishana safari kwa zamu ili kila mmoja apate posho. Inamtaka mtu akae nayo miaka kumi, ajue kila mtambo wa jirani uko kilima gani na umeelekezwa wapi.

Wamarekani walipotaka kuuza masafa ya 600, mwaka 2015 walikubaliana kwanza na Mexico na Kanada namna chaneli za televisheni zitakavyohama pande zote mbili za mipaka. Mnada ulianza 2016. Ulipofungwa 2017 ulikuwa umeingiza dola bilioni 19.8, na zaidi ya nusu ya fedha hizo zikaenda kwa wenye vituo vya televisheni walioachia masafa. Utaratibu ni huohuo tunaoutaka hapa: jirani kwanza, mnada baadaye, na aliyehamishwa alipwe.

Italia ilikwenda kinyume na hapo. Kwa miaka mingi mitambo yake ya televisheni ilivuruga masafa ya Slovenia, Croatia na Malta, na bodi ya kanuni za redio ya Shirika la Mawasiliano Duniani ikawa inalirudia suala hilo kikao baada ya kikao. Televisheni ziliposafishwa, malalamiko ya redio za FM yalibaki. Hiyo ni nchi tajiri, yenye wahandisi wa kutosha na vifaa vya kila aina. Kama yenyewe ilishindwa kuyarudisha masafa kwenye mstari baada ya mitambo kuwashwa, sisi tusijidanganye kwamba tutarekebisha mbele ya safari.

Kwa hiyo tunaitaka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na wenzake wa Nairobi, Kampala, Kigali na Bujumbura watie saini makubaliano ya mpakani yenye viwango vya nguvu na umbali vinavyotaja maji na nchi kavu kila kimoja peke yake, kisha wayachapishe. Magari ya kupimia masafa yatoke pamoja, siku ileile, upande huu na ule, ili vipimo visibishaniwe baadaye. Na Hazina itenge mapema sehemu ya fedha za mnada wowote ujao kwa ajili ya kuhamisha mitambo na kuwasaidia wananchi ambao antena zao hazitafaa tena. Fedha za masafa zikishaingia kwenye mfuko mkuu bila kutengwa, zinatafutiwa kazi nyingine kabla hata mtambo wa kwanza haujashushwa mlimani.

Mkutano ujao wa dunia utafanyika Shanghai mwaka 2027. Kabla ujumbe wa Tanzania haujaondoka, Waziri alieleze Bunge, nchi kwa nchi kati ya zile nane, makubaliano gani yamesainiwa, yapi yamekwama, na yamekwamia kwa nani.