Fomu ya kidato cha nne si ya mtoto peke yake

Mkulima wa Sepuka, mkoani Singida, hauzi gunia la alizeti kabla ya kuulizia bei. Mwanawe wa kidato cha nne, hata hivyo, huachwa ajaze fomu ya tahasusi na vyuo akifuata marafiki. Anaishia HGL huku akitamani kuwa bwana mifugo, kazi inayodai masomo ya sayansi (na kuku wa Singida wanamhitaji). Kidato cha tano si njia pekee: ipo VETA Singida, vipo vyuo vya LITA, na tangu 2023 Bodi ya Mikopo hukopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Wazazi wamwone mwalimu wa taaluma mapema, waulize ada na sifa za kujiunga. Matokeo yakitoka, TAMISEMI hutoa muda wa kubadili machaguo, usipite bure.