Desimali mbili zinavyomkata mfanyabiashara wa mpakani

Wafanyabiashara na wasafirishaji wanaolipwa kwa shilingi ya Tanzania na kuweka hesabu kwa shilingi ya Kenya wanaweza kupata hasara bila kuibiwa na mtu. Chanzo ni namna programu za hesabu, za kwenye simu na kompyuta, zinavyofupisha desimali.

Programu nyingi huandika fedha kwa desimali mbili, yaani hadi senti. Kwa fedha yenyewe hilo si tatizo. Tatizo huanza pale kiwango cha kubadilisha fedha nacho kinapokatwa hivyo hivyo.

Mathalani, Sh1 ya Kenya ikiuzwa kwa Sh19 za Tanzania, shilingi moja ya Tanzania ni sawa na Sh0.0526316 ya Kenya. Ikikatwa hadi desimali mbili, inabaki Sh0.05. Mwenye lori anayedai Sh10,000,000 za Tanzania kwa mzigo uliopita Namanga anastahili Sh526,316 za Kenya, lakini programu itamwandikia Sh500,000. Pengo ni Sh26,316, sawa na asilimia tano ya malipo. Kwa desimali nne pengo hushuka hadi Sh316, lakini haliishi.

Ikiwa pande mbili zitalipana kwa hesabu hiyo, basi hasara si ya kwenye karatasi tu. Kwa msafirishaji, asilimia tano inaweza kuwa ndiyo faida yote ya safari.

Umoja wa Ulaya uliliona hili mapema. Kanuni yake ya mwaka 1997 kuhusu euro ilitaka viwango viwe na tarakimu sita, visifupishwe, na ikakataza kutumia kiwango kilichogeuzwa. Ndiyo maana euro moja ilihesabiwa kuwa mark 1.95583 za Ujerumani.

Afrika Mashariki ilisaini itifaki ya umoja wa fedha mwaka 2013, lakini sarafu moja bado haijapatikana. Kwa hiyo kubadilisha fedha mpakani kutaendelea.

Kinga yake ni rahisi: kugawanya kwa 19 badala ya kuzidisha kwa 0.05, kufupisha mara moja tu kwenye jumla ya mwisho, na kuandika kiwango na tarehe yake kwenye ankara. Anayetaka kuipima programu yake aingize Sh1,000,000 za Tanzania kwa kiwango hicho cha 19. Jibu likija Sh50,000 badala ya Sh52,632, programu hiyo inamkata.