Uvira: foto za nyumba zilizoachwa zitusaidie kesho

Kandokando ya ziwa Tanganyika, hapa Uvira, kuko nyumba ambazo zimebaki kuta tu. Katika miaka ya 2020 na 2021 maji ya ziwa yalipanda sana. Mwaka 2024 yakaingia mpaka bandari ya Kalundu na ndani ya nyumba za Kavimvira. Wenyewe walihama. Vijana wanapita huko na simu, wanapiga foto, wanazituma kwa WhatsApp. Wengine wanasema huko ni kuchezea mateso ya watu. Lakini foto hizo zinaweza kufanya kazi kubwa.

Juu ya nini? Ziwa letu linapanda na kushuka. Mto mmoja tu ndio unatoa maji yake, Lukuga kule Kalemie. Mengine mengi yanakauka na jua. Mvua ikizidi miaka kadhaa, maji hayana pa kwenda. Huku juu nako, miti ya milima imekatwa kwa ajili ya makala na mashamba, udongo unashuka. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulibeba nyumba na watu wengi walikufa.

Sasa, siku ziwa litashuka, itakuwa namna gani? Kiwanja kitakauka, majani yataota, na mtu atakiuza kwa mgeni. Atamwambia kwamba maji hayajafika pale hata siku moja. Bila foto, nani atamkatalia?

Ila foto bila tarehe haisaidii. Anayepiga aandike siku, avenue na kartie. Arudi pahali pale pale kila mwisho wa mvua, na aonyeshe kitu cha kupimia: mlango, dirisha, alama ya maji ukutani. Mwenye nyumba aombwe ruhusa kwanza, sababu kuhama si kuacha haki yake. Na nakala iwekwe kwa chefu wa kartie, maana simu zinaibwa.

Ni kweli, foto haizuii maji. Kupanda miti na kukataza ujenzi karibu sana na ziwa ni kazi ya Leta, pamoja na sisi wakaaji. Lakini Leta ikitaka kuweka mpaka, lazima ijue maji yalifika wapi. Na wewe unayetafuta kiwanja cha bei ya chini kandokando ya ziwa, kabla ya kutoa franga, uliza kwanza foto ya 2024.